Jarida la Michezo katika Rafu ya Vijana: Tulipime kwa Vigezo Gani?

Miongoni mwetu wanafunzi na walimu wa Kiswahili, ipo tabia ya kuliona jarida la michezo kuwa kitu cha kupitishia wakati, kisichostahili kukaa rafu moja na riwaya, tamthilia na diwani. Fedha za maktaba zinapopungua, aghalabu hilo ndilo la kwanza kufutwa orodhani. Nionavyo, hukumu hiyo hutolewa kabla ya kesi kusikizwa. Jarida la michezo lina haki ya kutathminiwa kama matini nyingine yoyote. Linalotupasa kuamua ni vigezo, na vigezo havitenganiki na mahali msomaji anapoishi.

Nichukue mfano wa Chepilat. Mji huu mdogo uko kwenye barabara itokayo Sotik kwenda Kisii, katika nchi ya majani chai, mpakani mwa kaunti za Bomet na Nyamira. Upande mmoja wakazi wengi ni Wakipsigis, upande wa pili ni Wagusii. Lugha zao hazina nasaba moja. Ya kwanza ni ya Kiniloti, ya pili ni ya Kibantu. Kiswahili ndicho daraja lao sokoni. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliufikia mpaka huu wa Sotik na Borabu. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Kijana wa miaka 15 leo hakuwa amezaliwa wakati huo, lakini huenda amesimuliwa habari hizo nyumbani, na kila nyumba husimulia kwa upande wake. Anayemchagulia kijana huyu matini za kusoma hana budi kuyazingatia hayo.

Kigezo cha kwanza ni lugha. Wanafunzi wa shule za upili wanaofuata mtaala wa 8-4-4 hufundishwa sajili ya michezo katika isimujamii. Wengi hukariri sifa zake kwa ajili ya mtihani bila kuwahi kusoma ukurasa mzima wa spoti. Ni sawa na kumfunza mtu kuogelea ubaoni. Jarida linalofaa litampa sajili hiyo ikiwa hai: kipa, kiungo, mkondo wa kwanza, mbio za masafa marefu, kupokezana vijiti. Tofauti za matumizi pia zitamfaa. Mkenya aghalabu huandika mshambulizi, Mtanzania huandika mshambuliaji, na kijana akikutana na yote mawili atajua kwamba lugha yake ina wenyewe wengi.

Kigezo cha pili ni nani anayesimuliwa. Hapa ndipo machapisho mengi yanapoanguka. Gazeti la Mwanaspoti la Tanzania lina Kiswahili chenye ladha, lakini moyo wake uko kwa Simba na Yanga. Kurasa za spoti za Taifa Leo ziko karibu zaidi na msomaji wa Kenya, ila nazo huitengea kandanda ya Uingereza nafasi kubwa. Simkatazi kijana wa Chepilat kuishabikia Arsenal. Ninalodai ni kwamba asiijue Arsenal pekee.

Maana historia ya michezo ya Kenya ilianzia karibu na mlango wake. Medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, ililetwa na Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho. Dhahabu ya kwanza, ya mita 10,000 mjini Mexico City mwaka 1968, ililetwa na Naftali Temu, Mgusii. Katika michezo hiyo hiyo ya 1968, Kiprugut alipata fedha katika mita 800. Mkipsigis na Mgusii walikuwa katika timu moja, wakiikimbilia bendera moja. Jarida litakalosimulia maisha ya wawili hao katika toleo moja litamfaa kijana wa mpakani kuliko mahubiri mengi ya amani. Wasichana nao wasiachwe pembeni: Mercy Cherono, mzaliwa wa Sotik, alitwaa dhahabu ya mita 5,000 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow mwaka 2014.

Kigezo cha tatu ni sitiari. Lugha ya michezo imejaa vita: timu hunyukwa, hulipuliwa, huchinjwa. Sisemi tuifishe kwa kuiondolea tamathali. Hapo ndipo utamu wake ulipo. Lakini tuchukulie kwamba shule mbili za mpakani zimecheza, na kichwa cha habari kikasema kuwa Sotik imeichinja Borabu. Jijini Nairobi kitachekesha. Chepilat kitamkumbusha mtu marehemu wake. Mhakiki wa fasihi, ambaye kazi yake ni kupima uzito wa maneno, ndiye afaaye kumshauri mkutubi katika jambo hili.

Kigezo cha nne ni uadilifu. Sheria ya Kenya hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, basi chapisho lililojaa matangazo ya kampuni za kubashiri mechi halina mahali katika rafu ya vijana. Vivyo hivyo, jarida linalowasifu wanariadha na kunyamazia dawa zilizopigwa marufuku, ilhali Kenya ilitunga sheria ya kupambana nazo mwaka 2016, linamlaghai msomaji.

Watakaonipinga watasema kwamba jarida huchakaa upesi, na matokeo ya juzi hayana faida leo. Ni kweli kuhusu matokeo. Si kweli kuhusu masimulizi. Kwa hivyo tupendelee jarida lenye makala ndefu za maisha ya wanamichezo, na matoleo yake yahifadhiwe.

Katiba ya 2010 iliziweka maktaba mikononi mwa kaunti. Bomet na Nyamira zina bajeti mbili, lakini vijana wa Chepilat wana soko moja na Kiswahili kimoja. Ikiwa hakuna jarida la Kiswahili linalotimiza vigezo hivi vinne, basi wenye kalamu ni sisi tunaosoma ukurasa huu. Tuanze kwa kuandika maisha ya Kiprugut na Temu kwa lugha ambayo kijana wa pande zote mbili ataisoma bila mkalimani.