Santuri na Kandanda Si Burudani Tupu

Ipo imani iliyokita mizizi katika kaunti za Migori na Homa Bay, inayosikika vinywani mwa wazazi, wahubiri, walimu na wanasiasa, kwamba mtu mzima anayekusanya santuri za jazz na kuifuata timu ya kandanda uwanja hadi uwanja anachezea muda na fedha zake, kwa kuwa mambo hayo mawili ni burudani tupu ambayo ikishapita haiachi kitu. Imani hiyo huvaa sura ya busara, nayo husemwa kwa nia njema na watu wanaojua bei ya unga na uzito wa karo. Hata hivyo ni imani potofu, na upotofu wake unaendelea kuligharimu eneo lililokuwa likiitwa Nyanza Kusini sehemu kubwa ya historia yake. Mkusanyaji wa santuri na shabiki wa kandanda, ambao mara nyingi ni mtu yule yule, wanafanya kazi ya makavazi, yaani kazi ya kutunza kumbukumbu za umma, na wanaifanya bila mshahara, bila jengo na bila shukrani.

Jazz inayozungumziwa hapa inahitaji kufafanuliwa. Muziki huo ulichipuka miongoni mwa Wamarekani Weusi wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lake likavuka bahari kwa gramafoni hadi likachukuliwa na bendi za dansi za Kiafrika zilizotegemea magitaa, zikiwemo OK Jazz ya Franco iliyoundwa mwaka 1956 katika mji ambao leo ni Kinshasa, Morogoro Jazz aliyoimbia Mbaraka Mwinshehe, Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani, na Victoria Jazz ya Ochieng' Nelly na Collela Mazee. Bendi hizi mbili za mwisho zilipiga benga, muziki uliokomaa miongoni mwa Wajaluo tangu miaka ya 1960, ambao gitaa lake la solo hudonolewa kwa kufuata mwendo wa nyatiti, ala ya jadi yenye nyuzi nane, huku besi ikisikika mbele kwa nguvu mpaka wimbo ufike mwisho, ambapo waimbaji hunyamaza na magitaa hushika kasi. Misiani alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, upande wa Tanzania, si mbali na mpaka wa Migori, akajijengea jina nchini Kenya, na akafariki katika ajali ya barabarani mwaka 2006. Kwa hiyo mkazi wa Migori anayeweka sahani zake haigi ustaarabu wa watu wengine, kwani anachokiweka ni sauti ya majirani na jamaa zake.

Wanaoshikilia kwamba hayo ni burudani tu huwa na mizani yao ya thamani, ambayo kwayo kitabu, hati ya shamba na jengo la kale ni urithi, ilhali wimbo na mechi ni starehe. Mizani hiyo haina usawa. Boma la Thimlich Ohinga, lililoko kaunti ya Migori na ambalo kuta zake za mawe zilipangwa bila kushikizwa kwa udongo wala saruji, lilitambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2018, na hakuna mwenye akili timamu anayeuliza mawe hayo yanatunzwa kwa faida gani. Lakini mawe ya Thimlich hayataji jina la aliyeyapanga, wala hayasemi alimpenda nani, alimdai nani au alimwogopa mtawala gani, ilhali sahani ya benga ya miaka ya 1970 huyasema yote hayo kwa sauti ya mhusika mwenyewe. Ikiwa ukimya wa mawe unastahili uzio na mlinzi, ni vigumu kueleza kwa nini sauti za watu zinaachwa chini ya vitanda, zikiliwa na joto, vumbi na mchwa.

Thamani hiyo huonekana waziwazi sahani inapochunguzwa kwa karibu. Sahani ya inchi saba, inayozunguka mara 45 kwa dakika, haibebi zaidi ya dakika chache kila upande, na kwa kuwa wimbo wa benga ulihitaji nafasi kubwa kuliko hiyo, watayarishaji waliukata mara mbili, sehemu ya kwanza ikakaa upande mmoja na sehemu ya pili, yenye kilele cha magitaa, ikakaa upande wa pili. Katikati kuna lebo ya karatasi yenye jina la bendi, jina la mtunzi, kampuni na namba ya toleo, na mara nyingi juu ya lebo hiyo limeandikwa kwa kalamu jina la mwenye sahani, ili aliyeiazima kwa ajili ya sherehe asisahau ni ya nani. Mifereji ya upande wa pili ikiwa imechakaa kuliko ya upande wa kwanza, mtazamaji hupata ushahidi wa kile ambacho wachezaji walikuwa wakikidai usiku ule. Ndani ya wimbo wenyewe hutajwa wafadhili, marafiki, wakwe na vijiji, kwa kufuata desturi ya pakruok, yaani sifa ambazo Mjaluo hujipa au humpa mwenzake hadharani wakati muziki ukiendelea, kiasi kwamba mwanahistoria anayetafuta mahusiano ya koo na matabaka ya miaka hiyo hupata sajili ambayo haimo katika ofisi yoyote ya wilaya.

Tena sajili hiyo ilivuka mipaka ya Nyanza. Mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo, ambaye baadaye aliingia bungeni, alisambaza benga kusini mwa Afrika kwa lebo zake, mojawapo ikiitwa Sungura, na muziki huo ulipendwa nchini Zimbabwe kiasi kwamba mtindo mzima wa magitaa wa nchi hiyo ukaitwa sungura, huku benga yenyewe ikijulikana huko kwa jina la kanindo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni za London zilitoa santuri za Shirati Jazz kwa wasikilizaji wa Ulaya, na katika karne hii matoleo ya kukusanya nyimbo za zamani za Kenya, kama lile la Kenya Special lililotolewa na Soundway mwaka 2013, yamepata wanunuzi katika nchi za mbali. Hivyo basi kile kinachoitwa upuuzi mjini Rongo huuzwa kama hazina ng'ambo, na mtoto wa Rongo akitaka kukijua atalazimika kukinunua kutoka huko.

Kuhusu kandanda, hoja ni ile ile. Klabu ya Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, inabeba jina la kiongozi na mganga wa Kanyamwa, katika Ndhiwa ya leo, kaunti ya Homa Bay, aliyesifika kwa miujiza yake, na jina la K'Ogalo linaloimbwa na mashabiki linarejelea nasaba yake. Mizizi ya klabu hiyo imo katika vyama vya wafanyakazi waliotoka Nyanza kwenda kutafuta riziki mijini, hasa Luo Union, chama cha ustawi ambacho Jaramogi Oginga Odinga aliwahi kukiongoza katika miaka ya 1950 na ambacho kilikuwa na timu yake iliyotwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977. Serikali ilipoamuru mwaka 1980 kwamba vyama vya kikabila vivunjwe, timu ya Luo Union ikabadili jina kuwa Re-Union na timu ya Abaluhya ikawa AFC Leopards, mabadiliko ambayo kwa shabiki wa miaka ile yalikuwa somo la siasa lililoeleweka zaidi kuliko hotuba yoyote. Mwaka 1987 Gor Mahia, chini ya nahodha Austin Oduor, ilitoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis, ikatoka sare ya 1-1 nao Nairobi, na ikatwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa kanuni ya bao la ugenini, inayompa ushindi aliyefunga mabao mengi zaidi nje ya kwao jumla zinapolingana. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la bara. Migori nayo ina fahari yake, kwani SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, ilikuwa bingwa wa Ligi Kuu mwaka 2006, na historia ya timu hiyo haiwezi kutenganishwa na historia ya wakulima wa miwa.

Mambo hayo, santuri na kandanda, yalikua pamoja kwa sababu yaliwahudumia watu wale wale. Mfanyakazi wa reli au wa mashamba ya chai ya Kericho aliyeishi mbali na nyumbani aliipata jamii yake uwanjani mchana na katika ukumbi wa dansi usiku, alisikia majina ya kwao yakitajwa na mtangazaji wa redio na mwimbaji wa benga kwa zamu, na aliporudi likizo alibeba sahani mpya na habari za mechi kama sehemu ya zawadi za nyumbani. Jukwaa la mashabiki limehifadhi tabia ya pakruok, mchezaji akipewa jina la sifa ambalo hudumu kuliko jina la kwenye kitambulisho, na Gor Mahia yenyewe imetungiwa nyimbo za benga zaidi ya moja. Anayemtenga mpenzi wa muziki na shabiki wa kandanda, akimheshimu wa kwanza kama msomi na kumdharau wa pili kama mhuni, anagawa kitu ambacho waliokiunda hawakukigawa.

Pingamizi linalotolewa mara kwa mara ni kwamba hakuna haja ya santuri siku hizi, kwa kuwa nyimbo zote zimo kwenye simu. Pingamizi hilo lina ukweli kidogo na hatari kubwa. Wimbo unaopakiwa na mtu asiyejali mara nyingi hupoteza sehemu ya pili, hupewa jina lisilo lake, hukosa jina la mtunzi, na ukifutwa na mwenye ukurasa hauna pa kukatia rufaa. Jambo hili si la urembo, kwa sababu sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi wa muziki kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake, maana yake haki katika tungo za Misiani zinaishi hadi mwisho wa mwaka 2056, na familia ya mtunzi yeyote inayodai haki yake inahitaji ushahidi wa nani alitunga, lini na chini ya kampuni gani. Ushahidi huo umo kwenye lebo ya karatasi, na wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi kama ile ya Ketebul Music ya Nairobi, iliyofuatilia chimbuko la benga na kutoa matokeo yake mwaka 2008, isingewezekana kama hapangekuwapo watu walioweka sahani na kumbukumbu wakati majirani wao wakiwacheka.

Pingamizi la pili ni la fedha, nalo husema kwamba kaunti zenye hospitali zisizo na dawa haziwezi kuhangaikia nyimbo za zamani. Lakini kaunti hizo hizo hujenga viwanja, na kwa haki. Uwanja wa Raila Odinga mjini Homa Bay ulipokea sherehe za kitaifa za Madaraka mwaka 2025, na hakuna aliyesema kwamba uliwaibia wagonjwa. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, linapoorodhesha majukumu ya kaunti, linataja maktaba, makumbusho, michezo na shughuli za utamaduni ndani ya kifungu kimoja, kwa hiyo serikali ya kaunti inayotekeleza nusu ya kifungu na kuiacha nusu nyingine haina kisingizio cha sheria. Kinachotakiwa si jumba la fahari. Ni chumba kikavu ndani ya uwanja au maktaba iliyopo, mashine ya kuchezea sahani yenye sindano nzima, kompyuta ya kunakilia sauti na kupigia picha lebo, na mkutubi mmoja Migori na mwingine Homa Bay wa kuandika orodha, huku wenye sahani wakibaki na mali yao, familia za watunzi zikitambuliwa, na mashabiki wakongwe wakihojiwa kuhusu wachezaji, safari na matokeo ambayo magazeti hayakuyaandika.

Mabunge ya kaunti za Migori na Homa Bay yanapaswa kulitengea jambo hili fungu katika bajeti ijayo, na wazazi na wahubiri wanaolipinga wanapaswa kuacha kuliita upotevu wa muda. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Gor Mahia ilipoundwa anakaribia miaka 80 sasa, naye ndiye anayejua ni nani anayetajwa katika wimbo, ni mkwe wa nani na alitoka kijiji gani. Sahani inaweza kumsubiri mkutubi miaka kumi zaidi ikiwekwa mahali pakavu, lakini mzee anayeweza kuieleza hawezi kuahidi kusubiri, na kila mwaka unaopita bila yeye kuulizwa huwaachia wajukuu sauti za watu wasiowajua.