Moto Uendao Bure

Litajwapo neno akiba, watu wengi fikira zao hukimbilia mshahara mnono au biashara yenye faida kubwa, ilhali katika nyumba zetu za mjini, tangu Mombasa mpaka Dar es Salaam, mali hupotea kila jioni jikoni mbele ya macho yetu, kwa sura ya mvuke.

Bibi yangu mzaa mama, ambaye hakupata kukalia dawati hata siku moja, aliroweka maharagwe usiku kucha kabla ya kuyateleka, alifunika chungu, maji yalipochemka alipunguza makaa, na wali ulipokaribia kukauka aliyapalia makaa hayo juu ya mfuniko, kisha chakula kilipoiva aliyatia yaliyosalia katika chungu kikuukuu na kukiziba, yakazimika kwa kukosa hewa, na kesho yake yakawashwa tena. Utotoni niliidhania tabia hiyo kuwa ubahili. Ukubwani nimetambua kuwa ilikuwa elimu kamili. Maji yachemkayo katika nyuzi 100 hayaongezeki joto hata yakichochewa namna gani, kwani moto wote wa ziada huyageuza mvuke tu, na kuigeuza lita 1 yake kuwa mvuke hutaka joto zaidi ya mara 5 ya lile lililoifikisha kwenye kuchemka. Mwenye kuiacha sufuria wazi ikitokota kwa kishindo haivishi maharagwe upesi kwa hilo. Anaunguza mkaa wake bure. Mafundi wa Kenya nao, walipoanza katika miaka ya 1980 kulitia jiko la bati kikombe cha udongo ndani, walikusudia jambo lilo hilo, kulizuia joto lisitoroke.

Lakini nitakuwa dhalimu nikimlaumu mpishi peke yake. Aghalabu mume apokeaye mshahara wa mwezi hutoa hela ya matumizi siku kwa siku, akiamini kuwa huko ndiko kuchunga mali, na mkewe hana hila ila kununua mkaa kwa kopo, sukari kwa robo na mafuta ya kupikia kwa kipimo kidogo kabisa. Na kwa kuwa kila kipimo hubeba faida ya mchuuzi, makopo yatokayo katika gunia moja, yakijumlishwa, huzidi bei ya gunia lenyewe. Mume huyo, ajapokuwa anasifiwa mtaani kwa uangalifu, ndiye mwenye israfu kubwa nyumbani mwake. Kibarua alipwaye kwa siku simlaumu hata kidogo. Yeye na majirani zake wawili watatu waweza kuchanga wakanunua gunia moja na kugawana.

Tena kilichookolewa kisipowekwa siku ile ile huliwa na haja nyingine, wala hakuna ajuaye kilikokwenda. Shilingi 500 za Tanzania zikitiwa katika kibubu kila siku huwa shilingi 182,500 kwa mwaka, kiasi ambacho kwa nyumba nyingi ni sare na madaftari ya watoto.

Basi, ndugu yangu mwenye nyumba, mshahara wa mwezi huu ukiingia, keti na mkeo mpange pamoja, mnunue gunia la mkaa kwanza, na kibubu mkiweke mahali ambapo nyote wawili mtakiona kila siku.