Mbwa na Damu ya Paa

Pwani ya Kismayu mbwa hasifiwi sana, kwa kuwa ni najisi. Hata hivyo Sura ya Al-Maida, aya ya 4, imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, jina la Mungu likitajwa. Nao Waeyle wa Bur Heybe walijulikana kwa kuwinda na mbwa.

Paa aliyejeruhiwa asifuatwe papo hapo. Akiachwa hulala karibu. Akikurupushwa hupotea kichakani, akafa kwa mateso na nyama ikaoza. Mbwa afungwe kamba ndefu, aanzie penye damu, wala asiharakishwe. Umande wa alfajiri huhifadhi harufu, jua huikausha: askari wa mbwa walijua hilo. Akikutwa hai, achinjwe upesi. Palipoumwa, kwa madhehebu ya Shafii, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Avukaye mpaka akumbuke kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.