Mapafu ya Mchezaji si Kipimo cha Kijiji

Siku ya Simba na Yanga, ufukwe wa Mlingotini, wilayani Bagamoyo, hupungua watu mapema. Ngalawa zimevutwa mchangani, kina mama wa mwani wamerudi na kamba zao, na vijana wanawahi benchi za kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira, kabla hazijajaa. Ndani hakuna dirisha la maana. Bega linagusa bega, goli likiingia wanakumbatiana hata wasiosalimiana, na filimbi ya mwisho ikilia kila mmoja anashika njia ya kwao: kwa mama, kwa bibi, kwa mtoto mchanga.

Mjadala wa ligi kurudi wakati wa korona ulipaswa kuanzia hapo. Ulianzia kwenye kifua cha mchezaji.

Imani iliyoenea nchi nzima mwaka 2020, na ambayo haijafa mpaka leo, ni kwamba mwanamichezo korona haimwezi. Kwa hiyo kusimamisha ligi ulikuwa uoga, na kurudi kwake salama ndio ushahidi. Imani hiyo haina mguu wa kusimamia.

Tarehe 8 Machi 2020 Yanga iliifunga Simba 1-0 kwa mpira wa adhabu wa Bernard Morrison, Uwanja wa Taifa ukiwa umefurika na Rais John Magufuli akiwa jukwaani. Siku nane baadaye Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza, Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule na kusimamisha michezo. Mwanzoni mwa Mei, akiwa Chato, Rais alisema anafikiria kuiruhusu ligi iendelee, kwani hakuwa amesikia wanamichezo wakifa kwa ugonjwa huo. Juni 1 michezo ikafunguliwa, Juni 13 Yanga ikawa Shinyanga kwa Mwadui, na Juni 28 Simba ikatwaa ubingwa Mbeya kwa sare tasa na Prisons.

Katikati ya tarehe hizo ipo moja ambayo mashabiki hawaikumbuki: Aprili 29. Siku hiyo Tanzania Bara ilitoa takwimu zake za mwisho. Zanzibar ikaongeza zake mwanzoni mwa Mei, kisha hesabu ya taifa ikaganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, ikabaki hapo kwa zaidi ya mwaka. Anayesema ligi ilirudi na halikutokea lolote anasoma ubao wa matokeo uliozimwa. Hakuna aliyehesabu, basi hakuna anayeweza kusema ni sifuri.

Na kifua cha mchezaji chenyewe? Machi ile ile ya 2020, Daniele Rugani na Paulo Dybala wa Juventus walikutwa na virusi, na Dybala akasimulia baadaye jinsi pumzi zilivyokuwa zikimkatika. Rudy Gobert alipopimwa na kukutwa navyo, ligi nzima ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, ilisimama usiku huo huo. Mwezi huo huo Abdulkadir Mohamed Farah, aliyewahi kuichezea Somalia, alifariki London kwa ugonjwa huo akiwa na miaka 59.

Mfano mzito zaidi, hata hivyo, ni wa nyumbani. Februari 2021 Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilisafiri hadi Luanda kucheza na Primeiro de Agosto katika Kombe la Shirikisho. Ilipotua ikapimwa, na wachezaji watatu na kiongozi mmoja wakaonekana wana virusi. Timu ikawekwa karantini, mechi ikafutwa, na Shirikisho la Soka Afrika, CAF, likaamua michezo yote miwili ichezwe Dar es Salaam, ambako Namungo ilifuzu kwa jumla ya mabao 7-5. Ushindi ulishangiliwa sana. Lililopita kimyakimya ni kwamba ilibidi timu ya Lindi ivuke bara zima mpaka Angola ndipo ugonjwa uonekane.

Tuseme basi wachezaji wale hawakuugua sana. Hatari iko hapo hapo. Kijana mwenye nguvu anaweza kubeba virusi bila kukohoa, akavifikisha kwa asiyeweza kuvihimili. Waulizwe watu wa Bergamo, Italia. Februari 19, 2020, Atalanta iliifunga Valencia 4-1 mjini Milan, mbele ya mashabiki wapatao 40,000 waliotoka Bergamo. Wiki chache baadaye mji huo ulikuwa ukizika kuliko ulivyoweza. Meya wake, Giorgio Gori, aliifananisha mechi ile na bomu, na hakuwataja waliokwenda uwanjani peke yao: aliwataja pia waliokusanyika majumbani na kwenye baa kuitazama.

Baa za Bergamo ndizo vibanda umiza vya Mlingotini. Serikali iliporuhusu mashabiki hapa, iliwataka wasizidi nusu ya uwanja, wavae barakoa, wanawe mikono. Hayo ni masharti ya mlangoni, na Mlingotini haina mlango wa uwanja. Ina banda, televisheni na kiingilio kidogo.

Wapo watakaosema mpira ni ugali wa watu, na wanasema kweli. Kenya ilifuta msimu mwishoni mwa Aprili 2020 na kuipa Gor Mahia ubingwa. Uganda ikafuata Mei, kombe likaenda Vipers. Wachezaji wa Kenya walikaa bila ligi hadi Novemba, tena baada ya mdhamini SportPesa kuwa ameshajiondoa mwaka uliotangulia. Njaa ile isipuuzwe. Lakini Ujerumani ilirudisha ligi yake Mei 16, 2020 kwa kupima wachezaji mara kwa mara na kuacha majukwaa matupu, na mishahara ikalipwa. Kati ya kufuta msimu na kufumba macho kulikuwa na njia.

Asiambiwe mtu yeyote kwamba kupima na kuhesabu ni mambo ya wazungu. Bagamoyo, umbali mfupi tu kutoka Mlingotini, Taasisi ya Afya Ifakara iliendesha sehemu ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S tangu 2009, katika utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 15,000 wa nchi saba za Afrika. Kina mama wa wilaya hii walibeba watoto wao, damu ikachukuliwa, homa ikaandikwa, mwaka baada ya mwaka. Watu walioweza kazi hiyo wangeweza pia kuambiwa, kila Jumamosi, kwenye televisheni ile ile na kabla mpira haujaanza, ni wangapi wameugua wiki hiyo mkoani Pwani, ili bibi ajue kama amruhusu mjukuu aende bandani au amzuie.