Koki ya Umeme Haijui Presha

Vijana wenzangu, siku hizi karibu kila anayenipigia simu kuhusu umwagiliaji wa matone anataka koki za umeme. Aseti taima, shamba lijimwagilie lenyewe, yeye yuko mjini anatafuta soko. Sipingi. Ninachopinga ni kununua hizo na kuacha koki za presha eti ni gharama za bure.

Koki ya umeme inajua mambo mawili tu, kufungua na kufunga. Haijui kama maji yanayopita yanataka kupasua mipira au yanachuruzika. Mipira mingi ya matone, ile myepesi, inafanya kazi vizuri kwenye presha ya kama bar 0.5 hadi 1. Sasa chukua shamba la mteremko: kila mita 10 za kushuka wima zinaongeza karibu bar 1. Nyanya za bondeni zinaoga, za juu zina kiu, na taima imefungua dakika zilezile kote. Halafu mtu analaumu mbegu!

Gawa shamba vitalu kwa kufuata mwinuko. Kila kitalu kiwe na koki yake ya umeme, na baada yake, upande wa mimea, koki ya kupunguza presha. Ukipanga hivyo, ya umeme ikifunga, ile ya presha inapumzika badala ya kubanwa na pampu. Chujio likae kabla ya zote mbili, maana punje ya mchanga inatosha kuizuia koki ya umeme isifunge.

Wenye tanki juu ya mnara wa mita 3, habari yenu ni tofauti. Hapo mna bar 0.3 tu, na koki ya kupunguza presha haiwezi kuongeza. Tena koki nyingi za umeme za bei ya kawaida zinategemea presha ya maji yenyewe ili zifanye kazi. Ikiwa ndogo mno, hazifunguki au hazifungi sawasawa. Muulize muuzaji inahitaji presha gani ya chini kabisa. Akibabaika, nenda duka jingine. Zipo za mota zisizotegemea presha, ila bei imechangamka, na kwa robo eka mimi naona koki ya mkono inatosha.

Wenye pampu ya dizeli ndio wananitia wasiwasi zaidi. Umeme wa taima ukikatika, koki nyingi za umeme hujifunga. Pampu haina habari, inaendelea kusukuma, na bomba linapasuka usiku hakuna mtu. Weka koki ya usalama karibu na pampu: presha ikizidi kiwango, inafunguka yenyewe na kumwaga maji nje, bila umeme.

Kama hela ya msimu huu haitoshi vyote, anza na koki za presha na geji, fungua kwa mkono, taima itakuja baada ya mavuno. Na geji usiisome pale kwenye pampu tu. Ipime mwishoni mwa mstari wa mwisho.