Wimbi na Samaki Havina Hukumu Moja

Katika kisiwa cha Tavarua, magharibi ya Viti Levu nchini Fiji, kisiwa kidogo chenye umbo la moyo, Wamarekani wapenda kupanda mawimbi kwa ubao walianzisha kambi katika miaka ya 1980; na hadi leo mgeni huamka alfajiri, akapakiwa mashuani hadi Cloudbreak, ambako mawimbi yatokayo kusini huvunjika juu ya mwamba, na maji yakiwa yamekupwa, aangukaye ubaoni hutoka mgongo umechanwa na matumbawe. Jioni mgeni huyo hutupa mshipi, akamvuta kolekole ang'aaye kama fedha, mkia ukipiga mbao za mashua.

Kwa miaka mingi mawimbi hayo yalikuwa, kwa kawaida, ya wageni wa kambi, kwa mapatano na wenyeji wenye haki ya jadi ya uvuvi katika eneo lao, liitwalo qoliqoli. Mwaka 2010 serikali ilitoa amri ya kuyafungua kwa watu wote. Naiunga mkono amri ile kwa moyo mkunjufu, kwani wimbi likishapandwa huja jingine, wala hakuna aliyepunjwa.

Lakini samaki ni habari nyingine kabisa. Aliyevuliwa na mgeni kwa tafrija ameondoka katika chungu cha mtu, na kwa hiyo, kwa rai yangu, kila kambi ya namna hii iwajibike kuomba idhini ya wenyeji kabla ya mshipi kugusa maji, na kuwalipa ijara iliyo wazi, ijulikanayo na kijiji kizima.