Sufuria ya nyumbani nayo ni soko la mikunde

Katika familia nyingi, za mijini na vijijini, chakula kizuri bado kinapimwa kwa nyama. Siku pesa ikiwapo, nyama inanunuliwa. Siku pesa ikipungua, nyama inapunguzwa na maji yanaongezwa kwenye mchuzi. Matokeo yake ni ugali mwingi na mchuzi mwepesi, na kabla ya jua kuzama watoto wameanza kuulizia chakula tena. Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi nyumba hiyo hiyo ina magunia ya mbaazi, kunde au choroko yanayosubiri mnunuzi.

Hali hii inahitaji kutazamwa upya. Nyama si chakula kibaya, lakini kuifanya iwe kipimo pekee cha mlo ni hesabu isiyomsaidia mkulima wala mfanyabiashara mdogo. Familia inayojua kupika mlo wa kushibisha kwa nyama kidogo na mikunde mingi huokoa fedha za matumizi, hula vizuri zaidi, na wakati huo huo hujenga soko la ndani la mazao ambayo kwa miaka mingi yametegemea wanunuzi wa ng'ambo.

Funzo la mwaka 2017

Wakulima wa mbaazi wa Babati, Karatu, Lindi na Mtwara hawahitaji kukumbushwa yaliyotokea mwaka 2017. Agosti mwaka huo India, ambayo ni mlaji mkubwa kuliko wote wa mikunde duniani, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo kutoka nje, baada ya wakulima wake wenyewe kupata mavuno mengi. Tanzania ilikuwa ikitegemea soko hilo kwa sehemu kubwa ya mbaazi zake. Bei iliporomoka ndani ya msimu mmoja, na kwa baadhi ya wakulima haikutosha hata kulipa vibarua wa kuvuna.

Milango ilifunguliwa tena Mei 2021, India iliporuhusu mbaazi kuingia bila ukomo. Tangu wakati huo bei imepata nafuu, na hapa nchini mbaazi, choroko na dengu zimeingizwa katika mfumo wa stakabadhi za ghala. Hata hivyo, ruhusa hiyo imekuwa ikitolewa kwa muda maalumu na kuongezwa inapokaribia kwisha. Msumbiji, Malawi na Myanmar zinagombea soko hilo hilo, na zote tatu zimewahi kuwekeana makubaliano na India kuhusu kiasi cha kuuza. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Soko la nje liendelee kutafutwa kwa nguvu zote. Lakini ni vigumu kueleza kwa nini zao lenye thamani kubwa ya lishe liharibike ghalani kwa kukosa mnunuzi, wakati aliyelilima anakopa fedha ya kitoweo. Katika pwani ya Kenya na Zanzibar, mbaazi za nazi kwa mahamri ni kifungua kinywa cha heshima. Kwa wakulima wengi wa bara, mbaazi ni zao la kuuza tu.

Hesabu ya kitoweo

Gramu 100 za maharage au mbaazi kavu zina takriban gramu 20 hadi 22 za protini. Kiasi hicho kinakaribiana na kile kilichomo katika gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mfupa. Tofauti inaonekana baada ya kupika. Kilo moja ya nyama hupoteza maji na mafuta jikoni, ikabaki robo tatu kilo au pungufu. Kilo moja ya maharage makavu hunywa maji, na yakiiva hufika kilo mbili na zaidi.

Chukua mfano wa familia ya watu sita iliyozoea kununua robo tatu kilo ya nyama kwa mlo mmoja. Ikinunua robo kilo tu na kuipika pamoja na nusu kilo ya mbaazi, protini iliyomo katika sufuria inabaki karibu ile ile, yaani takriban gramu 150, lakini sufuria inajaa zaidi. Mikunde pia ina nyuzinyuzi, ambazo hazimo katika nyama. Hizo hufanya chakula kisagwe tumboni polepole na shibe ikae muda mrefu, jambo ambalo mtu anayeshinda shambani au sokoni analielewa vizuri.

Bei hutofautiana kati ya soko na soko, hivyo kila familia ifanye hesabu yake. Ichukue bei ya nusu kilo ya nyama iliyookolewa, itoe bei ya nusu kilo ya mbaazi, na kinachobaki ni akiba ya mlo mmoja. Izidishe kwa siku tatu za wiki, kisha kwa wiki 52 za mwaka. Kwa familia nyingi jibu litakuwa fedha ya mbegu, ya mbolea au ya sare za shule.

Kinachozibwa na kisichozibwa

Wazee waliochanganya mahindi na maharage wakapata makande hawakubahatisha. Protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage huuziba, na protini ya maharage ina upungufu ambao mahindi huuziba. Vivyo hivyo kwa wali na choroko, au ugali na kunde. Ndiyo maana mlo wa nafaka na mikunde, ukipikwa kwa uwiano mzuri, hauwezi kuitwa mlo wa shida.

Hata hivyo, ukweli usemwe wote. Vitamini B12 haipatikani katika mikunde wala nafaka, na madini ya chuma yaliyomo katika mikunde hufyonzwa na mwili kwa kiasi kidogo kuliko yale ya nyama. Kwa hiyo haishauriwi kuondoa kabisa nyama, dagaa, mayai au maziwa. Familia inayopata nyama mara moja kwa mwezi haina cha kupunguza. Inachohitaji ni kuongeza mikunde, dagaa na mayai.

Kile kidogo kinachopatikana kigawanywe kwa busara. Desturi ya kumwekea baba vipande vyote vinono na kuwaachia watoto mchuzi imepitwa na wakati. Watoto wadogo, wajawazito na kina mama wanaonyonyesha ndio wanaohitaji zaidi vipande hivyo. Kachumbari ya nyanya, ndimu au chungwa pamoja na mlo husaidia mwili kupata madini ya chuma ya mikunde, wakati chai ikinywewa pamoja na chakula huyazuia. Chai isubiri.

Mapishi ndiyo yanayoamua

Sababu kubwa ya watu kuyachoka maharage ni kupikwa vibaya, yaani kuchemshwa na kutiwa chumvi, basi. Mlo wenye nyama kidogo unahitaji uangalifu zaidi.

Kwanza, mikunde ichambuliwe na kulowekwa usiku kucha, kisha maji yale yamwagwe. Hatua hiyo hupunguza muda wa kupika na gesi tumboni. Ichemshwe kwa maji mapya bila nyanya wala ndimu, kwa sababu uchachu huchelewesha punje kulainika. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto, kwa kuwa yakiwa hayajaiva yana sumu inayosumbua tumbo. Magadi hulainisha haraka lakini huharibu vitamini B1. Anayeloweka vizuri hayahitaji.

Pili, nyama ikatwe vipande vidogo vidogo na kukaangwa pamoja na kitunguu kingi mpaka vyote vigeuke rangi ya kahawia. Hapo ndipo ladha inapotoka, na robo kilo inaweza kuenea sufuria nzima. Kisha hufuata kitunguu saumu, tangawizi na nyanya, na mwisho mbaazi zilizoiva pamoja na maji yake. Kikombe kimoja cha mbaazi kikipondwa na kurudishwa, mchuzi unakuwa mzito bila kuongeza chochote. Tui la nazi au karanga zilizosagwa huongeza utamu na nguvu, na ndimu ikamuliwe wakati wa kuepua.

Tatu, ladha ya nyama haitoki kwenye mnofu peke yake. Supu ya mifupa ikitumika kupikia maharage huyapa utamu wa kutosha. Dagaa wachache waliokaushwa, wakikaangwa na kupondwa, hufanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ndogo, tena huliwa pamoja na mifupa yao yenye madini ya kalisi. Kisamvu au mchicha kwa karanga, kunde za nazi, wali wa choroko na njugu mawe ni vyakula ambavyo mgeni hawezi kuvikataa vikipikwa kwa mikono inayojua. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zisitumike, kwani zinaweza kuwa na sumukuvu.

Kuni, muda na nafasi ya biashara

Wapo watakaosema mikunde hula mkaa, na hoja yao ni ya kweli. Akiba iliyopatikana buchani inaweza kuteketea jikoni. Kuloweka ni dawa ya kwanza. Ya pili ni kupika sufuria moja kubwa ya kutosha milo miwili. Kinachobaki kichemshwe tena vizuri kabla ya kuliwa. Ya tatu, chungu kilichochemka vya kutosha kiepuliwe, kifunikwe na kufungiwa ndani ya kapu lenye nguo nzito, ambamo chakula huendelea kuiva kwa joto lake, kisha kichemshwe tena wakati wa kula. Kwa wenye umeme, jiko la presha hupunguza sana muda. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania, na maharage yatakuwa mtihani mzuri wa kupima kama majiko hayo yanamfaa mwananchi.

Hapa pia pana nafasi kwa mfanyabiashara mdogo. Maharage yaliyokwisha kuchemshwa, yanayouzwa kwa kipimo magengeni jioni, yanamwondolea mnunuzi mzigo wa mkaa na saa za kusubiri. Anayechemsha sufuria kubwa hutumia moto kidogo kwa kila kilo kuliko nyumba kumi zinazochemsha kila moja peke yake. Biashara hiyo inaweza kupanuliwa kwa mbaazi, choroko na makande. Mama lishe anaweza kuwa na sahani ya mbaazi zenye vipande vichache vya nyama, ikakaa katikati ya bei ya wali maharage na wali nyama. Bhajia za kunde na unga wa dengu navyo vina wateja wake. Cha msingi ni usafi na punje zisizo na mawe. Mteja akivunja jino leo, kesho hatarudi.

Gunia moja libaki nyumbani

Kwa mkulima, hesabu ni rahisi. Familia inayotumia nusu kilo ya mikunde mara tatu kwa wiki inahitaji kilo moja na nusu kwa wiki, sawa na kilo 78 kwa mwaka. Gunia moja la kilo 100 linatosha mwaka mzima na kubakiza kilo 22 za mbegu au za dharura. Anayeuza gunia hilo wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kununua kidogo kidogo kwa kipimo miezi michache baadaye, anajipunja mara mbili.

Adui wa gunia hilo ni wadudu wanaotoboa punje. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa huwaua kwa kuwanyima hewa, bila dawa, mradi mazao yawe yamekauka vizuri na mfuko ufungwe barabara. Shambani nako kuna faida. Mbaazi zikipandwa kati ya mahindi, mizizi yake huongeza naitrojeni katika udongo na majani yake yanayodondoka huwa mbolea, jambo lenye uzito kila bei ya mbolea ya dukani inapopanda.

Wafugaji nao wasiogope. Mbuzi au kuku ambaye hakuchinjwa kwa mlo wa kawaida anabaki kuwa benki ya familia, na anaweza kuuzwa kwa wakati ambao mwenyewe ameuchagua badala ya siku ya shida. Nyama itaendelea kuheshimiwa katika sherehe, na hata katika sufuria ya kila siku, ila kama kiungo cha mchuzi.

Maofisa ugani wamezoea kufundisha nafasi ya kupandia na dawa ya kupulizia. Ni wakati sasa wa kushirikiana na maofisa lishe ili siku ya mkulima iwe pia na sufuria ya mbaazi ya kuonja, na vyama vya ushirika viwakumbushe wanachama kutenga chakula kabla ya kupeleka mzigo mnadani. Msimu ujao, kabla ya magunia kupakiwa kwenye lori, kila familia ya mkulima ihakikishe imetenga gunia moja ambalo halina bei.